Mchekeshaji Asiyemaliza Sentensi

Kumbakonam, 14 Juni 1988

Mjomba Kuppuswami mpendwa,

Nainama miguuni pako na miguuni pa mkazamjomba. Sisi huku hatujambo. Goti la Appa, baba yangu, limetulia tangu aanze kulikanda kwa mafuta ya ufuta, Amma, mama yangu, ni mzima, na mvua bado inatuchungulia tu. Mimi nimeanza kufundisha darasa la tatu katika shule ya wasichana nyuma ya soko la mboga. Wanafunzi hamsini na mbili, wote wanaongea kwa pamoja.

Hatujawahi kuonana, uso wako naujua kwa mabango ya sinema tu. Mimi ni Thenmozhi, binti pekee wa dada yako Alamelu. Anwani yako nimepewa na Appa. Alinipa bila kunitazama usoni, kisha akaenda kuoga wakati alikwisha oga.

Appa amenunua televisheni, na kila Jumapili jioni majirani hujaa sebuleni kwetu kutazama filamu. Wiki iliyopita, katikati ya filamu ya zamani, ukatokea wewe. Ulikuwa mpishi wa tajiri, umevaa kilemba kinachokuangukia machoni, umekwama kwenye neno moja: "Ka-ka-ka-kahawa!" Mama wa nyumba ya tatu alicheka mpaka akaomba maji. Nikageuka nimwambie Amma, huyu si mdogo wako? Amma hakuwepo. Nilimkuta uani anapepeta mchele ambao tuliupepeta asubuhi. Jumapili hii ukatokea tena, na Amma akatoka tena.

Nimemuuliza Appa, akasema hayo ni mambo ya ndugu wawili, niwaulize wenyewe. Amma nikimuuliza ananiambia kula. Kwenye picha ya siku niliyotogwa masikio nimekaa mapajani mwa rafiki wa Appa wa kazini, mtu wa kupita, na watoto wote ninaowajua walikaa mapajani mwa mjomba wao. Sikuandikii kukulaumu. Ninataka tu kujua kulitokea nini.

Mpwa wako,
Thenmozhi


Madras, 3 Julai 1988

Mpwa wangu Thenmozhi,

Uishi miaka mia na meno yako yote. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mke wangu Visalakshi ameisoma mara nne kwa sababu yeye husoma polepole. Anakusalimu na anauliza kama unapenda vitafunio vya unga wa dengu, atakutumia kopo. Tunakaa Kodambakkam, juu ya duka la fundi cherehani. Cherehani ikinyamaza siku moja siwezi kulala mchana.

Sasa umeniuliza kuhusu filamu. Unajua sisi wachekeshaji tulikuwa hatuijui hadithi? Nakuambia kweli. Shujaa na msichana wake walipigwa picha mwezi mzima, sisi tukaitwa siku mbili za mwisho, tukaambiwa simameni hapa, leteni kituko cha dakika sita. Kituko chetu kilibandikwa kabla tu ya mapumziko, watu wasitoke mapema kuvuta sigara. Filamu mia na arubaini nimecheza, na ukiniuliza ipi iliishaje, sijui.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupigwa kofi. Kulikuwa na shujaa mmoja mwenye mkono mzito kama mchi. Siku moja alinipiga mara kumi na moja kwa sababu mpigapicha hakupenda kivuli chake. La kumi na mbili likanitoa jino. Mwongozaji akapiga kelele kwamba hilo ndilo, hilo ndilo, nikaambiwa niokote jino nje ya picha. Jino ninalo. Nimelitia kwenye kijaluba cha chokaa ya tambuu.

Na kilemba kile kilikuwa cha mpishi wa kweli wa studio. Kilinuka kitunguu mpaka filamu ilipokwisha.

Siku hizi sifanyi kazi sana. Vijana wanapenda vichekesho vya kasi, na mimi naonekana kama saa inayohitaji kujazwa. Lakini tunakula.

Msalimie baba yako. Mama yako, mwache apepete mchele.

Mjomba wako,
Kuppuswami


Kumbakonam, 19 Agosti 1988

Mjomba mpendwa,

Nainama miguuni penu. Kopo limefika, nusu yake imeishia chumba cha walimu. Mvua imenyesha, na Appa amepandishwa cheo ofisini kwao, sasa ana kiti chenye mikono.

Nilicheka kwa habari ya jino mpaka nikasimulia darasani. Baadaye nikagundua kwamba umeniandikia kurasa mbili na hukunijibu.

Nina habari nyingine. Katika darasa langu kuna mtoto anaitwa Sevanthi, miaka minane. Nilidhani hajui majina ya vitu. Ubaoni akitaka chaki anasema "ile nyeupe". Wiki iliyopita nikamlazimisha aseme neno lenyewe mbele ya wenzake. Alifungua mdomo, neno likakataa kutoka, shingo ikamkaza, macho yakajaa. Nilijuta. Tangu siku hiyo namsikiliza kwa makini, na nimeona jinsi anavyofanya: anaona neno gumu linakuja kwa mbali, analikwepa, anachukua jingine. Ana akili kuliko wote.

Nikarudi nyumbani. Amma alikuwa anapika, akaniambia, "Nipe zile nyekundu." Mjomba, nimeishi na mama huyu miaka ishirini. Nyanya kwake ni zile nyekundu. Mtindi ni yale yaliyoganda. Nilidhani ni mazoea yake tu, kama vile Appa anavyoita redio "mzee". Nikakaa jikoni nikayaandika maneno yote anayoyakwepa nyuma ya daftari la mahudhurio. Yote katika lugha yetu yanaanza na sauti moja, ya "tha". Jina langu pia linaanzia hapo. Jina hili lina maana ya mwenye kauli tamu kama asali, na hajawahi kuniita kwalo hata mara moja. Huniita jicho langu. Nilidhani ni mapenzi.

Amma ana kigugumizi, sivyo? Amekificha mpaka mimi mwanawe sikukiona.

Na wewe ulimjua kabla hajajifunza kukificha.

Thenmozhi


Madras, 20 Novemba 1988

Mpwa wangu,

Nisamehe kimya. Sikukuu ya Deepavali imepita, nilinunua kadi yako nikaacha kuituma. Visalakshi amekuwa akiiweka barua yako ya Agosti kando ya sahani yangu kila mlo, kama kachumbari. Leo amesema hapiki mpaka niandike.

Ndiyo.

Dada amenizidi miaka mitatu. Mama yetu alikufa mapema, yeye ndiye aliyenilea. Nyumbani nilikuwa namwiga, naye alikuwa anacheka, maana nilimwiga yeye na nikamwiga baba na mwuza maziwa na mbuzi wa jirani. Haikuwa na ubaya. Kisha nikaingia kwenye kikundi cha maigizo. Nilipewa kazi ya askari: nashika mkuki, nasimama nyuma ya mfalme. Mchezo mmoja pale Tiruchi, mchekeshaji wetu akashikwa na homa, nikasukumwa nichukue nafasi yake. Nilikuwa na mistari mitatu. Nilipoona watu wale wote, mistari ikafutika kichwani. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni dada. Shingo yake, macho yake, mkono wake unaopiga paja kutafuta neno. Niliongeza neno kahawa tu. Ukumbi ulilipuka.

Unajua kicheko cha watu mia sita kinavyokupiga kifuani? Sikukiacha tena. Mwaka 1966 kikanipeleka kwenye sinema, na filamu ile ya kahawa ikafika Kumbakonam kwenu.

Wakati huohuo dada alikuwa anachumbiwa. Si baba yako, mwingine, kijana wa Mayavaram mwenye shahada. Familia ilikuja kumwona. Akatoka na sinia la kahawa, kama ilivyo desturi, na mama wa kijana akamuuliza kama ana ndugu. Akataka kujibu, akakwama. Binamu zake kijana walikuwa wameiona filamu. Mmoja akasema, "Ka-ka-ka-kahawa!" Wakacheka wote, hata mama yule akacheka. Dada akaweka sinia chini, akaingia ndani. Uchumba ukaishia hapo.

Sikuwepo. Baba aliniandikia. Barua ilinifikia studio, nikaisoma nikiwa nimepakwa poda usoni, kisha nikaitwa, nikaenda nikasema neno lilelile mbele ya kamera. Sikujibu. Nilijiambia nitajibu filamu ikiisha, lakini baada yake ikaja nyingine. Dada alipoolewa na baba yako sikwenda. Ulipozaliwa sikwenda. Kila mwaka uliopita uliufanya unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo linanikaba. Televisheni wanatengeneza mchezo wa wiki kumi na tatu, kuhusu ofisi ya mgao wa chakula. Wananitaka niwe karani. Kijana mwongozaji, Devanathan, alikulia kwenye filamu zangu, na anamtaka Kuppu yule yule wa kahawa. Kwa miaka mitatu hakuna aliyenipigia simu. Nimemwambia anipe mpaka mwisho wa Desemba.

Sina haki ya kumuuliza dada. Nakuuliza wewe, ingawa najua si sawa kukuuliza.

Kuppuswami


Kumbakonam, 5 Desemba 1988

Mjomba,

Swali lako sikumpelekea Amma. Barua zako nilizificha chini ya pipa la mchele. Jana nimezikuta juu ya kitanda changu zimepangwa kwa tarehe, na karatasi hii juu yake. Nakutumia kama ilivyo. Sikuwahi kujua kwamba Amma anaandika haraka hivi.

*

Kuppu,

Nimesoma barua zako zote. Umekonda, au ni maandishi tu? Mwambie Visalakshi akutilie samli.

Mimi sikwami kwenye "ka". Kahawa naisema vizuri tangu nikiwa mtoto. Wale watu wa Mayavaram nilikuwa nawaambia nina mdogo wangu mmoja, ndipo nikakwama. Hata ulipokuwa unaichukua sauti yangu hukuisikiliza.

Unadhani sikutazama filamu zako kwa sababu ya kicheko. Nimetazama nne. Nilikwenda peke yangu, maonyesho ya mchana, nimejifunika kichwa. Baba yake Thenmozhi anajua, mtoto hajui. Katika zote nne, nilikaa pale kwenye kiti cha mbao nikingoja. Unaanza kusema, unakwama, na kabla hujafika mwisho mtu anakupiga kofi, watu wanacheka, wimbo unaanza. Mimi nilitaka kujua ulikuwa unataka kusema nini. Filamu nne, Kuppu, hakuna aliyekuacha umalize sentensi hata moja. Wewe mwenyewe hukumpa mtu yule unayemwigiza kitu cha kusema.

Hilo ndilo linalonitoa sebuleni. Siwezi kulitazama mara ya tano.

Chukua kazi hiyo. Lakini karani wako amalize.

Alamelu


Madras, 22 Januari 1989

Mpwa wangu,

Tunawatakia heri ya Pongal, sikukuu ya mavuno iliyopita. Visalakshi anatia samli kwenye kila kitu, hata mahali isipohitajika.

Devanathan alikuja kwetu, nikaitoa karatasi ya dada. Sikumwonyesha, nilimsomea. Akasema ni maneno mazuri lakini televisheni ina dakika ishirini na mbili tu. Nikamwambia basi atafute karani mwingine. Visalakshi alikuwa mlangoni, akasikia, akashika kichwa.

Siku tatu baadaye akanipigia kwenye simu ya fundi cherehani, ambayo namba yake nimeiandika juu ya karatasi hii. Alikuwa na tukio moja. Watu wamepanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Karani anataka kumwambia bosi wake jambo. Kila akianza, bosi anamalizia: anataka ruhusa, mkewe mgonjwa, kalamu imekwisha wino. Anampa ruhusa, anampa kalamu, foleni inazidi kurefuka. Kwenye maandishi ya kwanza bosi anamfukuza, basi. Devanathan akasema, "Mzee, tutapiga mara moja unavyotaka wewe. Isipofaa nitaikata." Nikakubali.

Nilipofika pale nikagundua kitu cha kutia aibu. Kwa miaka ishirini na mbili nimefanya kigugumizi, na sikujua kinavyoisha, kwa sababu sikuwahi kukifikisha mwisho. Nikamwomba Devanathan nusu saa. Nikakaa nyuma ya makabati ya kuigiza, nikajaribu kumkumbuka dada, si shingo wala mkono, bali lile jambo lenyewe, anavyolishikilia neno hata baada ya sisi wote kukata tamaa nalo.

Tukapiga. Karani anaanza, anakwama. Bosi anafungua mdomo amalizie. Mama mmoja kwenye foleni, mwigizaji mzee wa jukwaani, anasema, "Mwache amalize." Kisha akanitazama na kungoja. Alingoja kweli, mpaka akasahau kwamba ana mstari mwingine. Ilichukua sekunde arubaini. Nikasema, "Sukari iliisha juzi, mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka. Kisha fundi wa taa akaanza, juu kule kwenye ngazi yake, akakohoa kwa kicheko, na wengine wakafuata, na nikasikia kwamba wanamcheka bosi.

Devanathan hajaniambia kama ataibakiza. Itaonyeshwa Machi, sehemu ya pili.

Mjomba wako,
Kuppuswami


Kumbakonam, 14 Machi 1989

Mjomba mpendwa,

Nainama miguuni penu wote wawili. Appa hajambo, mimi sijambo, na hayo mengine yatangoja.

Hakuikata.

Jumapili sebule ilijaa kuliko siku zote. Amma alikaa. Hakukaa karibu, alikaa kwenye kizingiti cha jikoni na bakuli la maharage ya kumenya. Ulipotokea, mama wa nyumba ya tatu akaanza kucheka kabla hujasema kitu, na watoto wakapiga kelele za "ka-ka-ka". Ukakwama, na haikuwa "ka". Niliona mikono ya Amma ikisimama. Sekunde zikapita. Watoto wakanyamaza. Mtu mmoja akauliza kama televisheni imeharibika, Appa akamwambia kwa upole anyamaze. Sijawahi kuisikia nyumba yetu ikiwa kimya hivyo na watu wamejaa. Ulipomaliza, aliyecheka wa kwanza ni Amma. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, na maharage yakamwagika. Akarudia peke yake, "Iliisha juzi!"

Jana ameniamuru nivae viatu. Tukaenda posta. Nilidhani anataka stempu, na kama kawaida nikatangulia dirishani nimsemee. Akanivuta mkono, akasimama mwenyewe. Akaomba simu ya Madras, akataja namba ya duka la fundi chini yenu, tarakimu moja moja. Mbili zilimchelewesha. Karani wa posta akataka kumsaidia, kisha akamtazama usoni, akaweka kalamu chini, akangoja. Nyuma yetu walikuwepo watu sita, nao wakangoja.

Akaingia kwenye kile kijumba cha kioo, akafunga mlango. Nilimwona mgongo na bega moja. Dakika tatu zilipokwisha karani akauliza kama akate, na Amma bila kugeuka akanyoosha vidole vitatu.

Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa jasho. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nimemuuliza alikuambia nini. Nimemuuliza jana, nimemuuliza asubuhi, anasema nile. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Thenmozhi


Madras, 18 Machi 1989

Mpwa wangu,

Fundi aliniita dirishani, nikashuka na sabuni shavuni, nilikuwa nanyoa. Nikashika simu nikasema haloo. Hakuna kitu. Nikasikia pumzi, nikajua.

Kwa dakika tatu zile sikusikia ila pumzi na ile sauti, inaanza, inakufa, inaanza. Mimi niliyeishi kwa sauti hiyo nusu ya umri wangu sikuwahi kuisikia hivyo, bila uso, imeletwa na waya. Nilikwisha jua neno ni lipi. Lilikuwa tayari ulimini mwangu, ningeweza kulimalizia akapumzika. Nikauma mdomo. Fundi alikuwa amesimamisha cherehani, na hata yeye hakuuliza.

Lilitoka katika dakika tatu za pili. Ni neno ambalo kila dada katika nchi yetu humwita nalo mdogo wake wa kiume, wanalisema mara hamsini kwa siku bila kuliona, sokoni, kisimani, hata kwa kijana wasiyemjua. Mimi nimefika miaka arubaini na saba bila kuitwa hivyo na dada yangu. Alilisema lote, "Thambi."

Kisha akavuta pumzi ya neno linalofuata, na laini ikakatika.

Kwa hiyo siwezi kukujibu ulichoniuliza, maana alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Nimekata tiketi ya treni ya Alhamisi. Nataka kwenda kusikia kilichobaki.

Kuppuswami